Suna za mchana: namna ya kujua saa ya kuswali na dakika za kusubiri

Katika swala zote za suna, za mchana ndizo zinazopotea kwa wepesi zaidi. Saa hizo mtu yuko kazini, darasani au njiani, na hata akipata nafasi hana uhakika kama wakati unaruhusu. Kuna anayeacha Dhuha, suna ya asubuhi, kuanzia saa 5 asubuhi kwa kudhani karaha (wakati usiofaa kuswali suna) imeshaingia. Kuna na anayeingia msikitini dakika mbili kabla ya adhana ya Adhuhuri akapiga takbira papo hapo, bila kufikiria jua liko wapi. Wote wawili wamepungukiwa na kitu kimoja: hawajui dakika ambayo jua linapinduka pale walipo, yaani linapovuka katikati ya mbingu na kuanza kuelekea magharibi. Ukishaijua, mambo mengine yote ya mchana yanajipanga yenyewe.

Maelezo haya yanafuata zaidi madhehebu ya Imam Shafii. Penye tofauti ya kuathiri ratiba yako nimeitaja.

Msingi wenyewe

Sahaba Amr bin Abasa (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, akapewa ramani ya siku nzima. Baada ya swala ya Subhi ajizuie mpaka jua lichomoze na kupanda. Kisha aswali, kwani swala ya wakati huo inahudhuriwa na kushuhudiwa na malaika, mpaka kivuli kisimame sawa na mkuki. Hapo ajizuie tena, kwa kuwa ndipo Jahannamu inapochochewa. Kivuli kikishaelekea upande wa pili, aswali mpaka afike Alasiri. Naye Uqba bin Amir (r.a.) akasimulia kwamba kuna nyakati tatu ambazo Mtume (s.a.w.) aliwakataza kuswali na kuzika maiti wao, na mojawapo ni jua linaposimama utosini mpaka lipinduke. Hadithi zote mbili zimo katika mkusanyo wa Imam Muslim.

Kwa hiyo mchana una vipande viwili vilivyo wazi, na katikati yake pana kizuizi kifupi. Kipande cha kwanza ni cha Dhuha. Cha pili ni cha suna za Adhuhuri.

Hatua ya 1: Tafuta saa ya jua kupinduka

Usiitegemee saa 6 kamili ya mchana, maana jua halifuati saa ya ukutani. Miji miwili inayotumia saa moja lakini imeachana kwa nyuzi 5 za longitudo hutofautiana kwa dakika 20 za jua, kwani kila nyuzi moja ni dakika 4. Na hata ukikaa mahali pamoja mwaka mzima, dakika hiyo haitulii: mwanzoni mwa Novemba jua hutangulia saa ya wastani kwa takriban dakika 16, na katikati ya Februari huchelewa kwa takriban dakika 14. Yaani ndani ya miezi mitatu na nusu kupinduka kwa jua kumesogea kwa karibu nusu saa. Katika nchi zinazosogeza saa mbele msimu wa joto, jua linaweza kupinduka baada ya saa 7 mchana.

Njia rahisi ni ya hesabu. Chukua saa ya jua kuchomoza na saa ya kuzama kwa siku hiyo, utafute urefu wa mchana, ugawe kwa mbili, halafu uongeze kwenye saa ya kuchomoza. Tuseme jua limechomoza saa 12:22 asubuhi na litazama saa 12:34 jioni. Mchana una saa 12 na dakika 12. Nusu yake ni saa 6 na dakika 6. Ukiongeza kwenye 12:22 ya asubuhi unapata saa 6:28 mchana. Hiyo ndiyo dakika ambayo kitovu cha jua kinakuwa juu kabisa, na wanazuoni wanaiita istiwaa. Mduara mzima wa jua huchukua zaidi kidogo ya dakika mbili kuvuka mstari wa kati, kwa hiyo ifikapo saa 6:30 jua limeshapinduka bila shaka. Andika namba hiyo. Ndiyo mhimili wa yote yanayofuata.

Ukiwa na programu ya nyakati za swala kwenye simu, mara nyingi saa inayoandikwa "Adhuhuri" ndiyo hii hii, imeongezwa dakika chache za tahadhari. Hakikisha tu kwamba programu inasoma mahali ulipo sasa, isije ikawa bado imekwama kwenye mji uliotoka juzi.

Njia ya pili ni ya kivuli, na ningependa kila Muislamu aifanye walau mara moja, kwa sababu baada ya hapo maneno ya hadithi huyaoni tena kama fumbo. Simika kijiti kilichonyooka kwenye ardhi iliyo sawa kabisa, kwa mfano cha urefu wa sentimita 50. Asubuhi, kivuli kikiwa bado kirefu, chora duara ambalo kitovu chake ni pale kijiti kiliposimama, na duara liwe fupi kidogo kuliko kivuli. Subiri. Kivuli kitaendelea kufupika mpaka ncha yake iguse duara na kuingia ndani. Tia alama hapo. Mchana ukiendelea kitarefuka tena upande wa pili na ncha itatoka nje ya duara. Tia alama ya pili. Sasa tafuta nusu ya umbali kati ya alama hizo mbili, uchore mstari kutoka hapo hadi kwenye kijiti. Siku inayofuata na zile zinazofuata, kivuli kikilala juu ya mstari huo, jua liko kwenye istiwaa. Kikiuacha mstari kuelekea mashariki, jua limepinduka.

Kwa nini kujisumbua na duara wakati mtu angeweza kupima tu kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote? Kwa sababu karibu na katikati ya mchana urefu wa kivuli hubadilika polepole mno. Utatazama dakika kumi nzima usione tofauti, na alama zako zitakuwa za kukisia. Mwelekeo wa kivuli ndio unaokimbia, nao hauhitaji jicho kali.

Jambo la kuangalia: katika maeneo yaliyo kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, zipo siku mbili kwa mwaka ambazo jua hukaa utosini barabara na kijiti hakitoi kivuli kabisa. Makka yenyewe hupata hali hiyo takriban tarehe 27 au 28 Mei, na tena tarehe 15 au 16 Julai. Siku hizo usisubiri kivuli kirefuke, maana hakipo cha kurefuka. Alama ni kile kivuli cha kwanza kinachochomoza upande wa mashariki wa kijiti.

Hatua ya 2: Weka mipaka ya karaha, isizidi wala isipungue

Hapa ndipo watu wengi wanajinyima. Vitabu vya Mashafii vinaeleza kwamba wakati wa istiwaa ni mfupi sana kiasi kwamba hautoshi hata swala moja. Kinachoogopwa ni takbira ya kuhirimia, ile inayofungua swala, kuangukia ndani yake. Ukiwa na namba ya hatua ya kwanza, acha dakika tano hivi kabla na dakika tano baada kwa ajili ya tahadhari ya saa yako na hesabu yako. Kwa mfano wetu, usianze suna ya hiari kati ya saa 6:23 na saa 6:33. Dakika kumi basi. Kuacha suna tangu saa 5 kwa hofu ya karaha hakuna msingi.

Ukiona kalenda imeandika muda mrefu zaidi, kama dakika 40 hivi, usishangae. Baadhi ya wanazuoni wa Kihanafi huhesabu kuanzia adh-dhahwa al-kubra, yaani nusu ya muda ulio kati ya alfajiri ya kweli na kuzama kwa jua, nayo hutangulia istiwaa. Anayefuata rai hiyo aifuate kwa utulivu. Kwa upande wa pili, Imam Malik hakuona karaha kabisa wakati wa istiwaa. Ukimwona mtu anaswali dakika hizo, usikimbilie kumkemea.

Katazo lenyewe linahusu suna isiyo na sababu, yaani ile ambayo mtu anaianzisha kwa hiari tu. Faradhi iliyokupita unaikidhi wakati wowote ukumbukapo. Na kwa Mashafii, suna yenye sababu iliyotangulia, kama maamkizi ya msikiti kwa aliyeingia kukaa, au suna ya udhu, inaswaliwa hata hapo, maadamu hukuivizia dakika hiyo kwa makusudi. Wahanafi na Mahanbali ni wakali zaidi katika hili. Ikiwa unataka kutoka nje ya tofauti zote, ukiingia msikitini jua likiwa utosini, subiri kwa kusimama au tia udhu upya bila haraka. Dakika zenyewe ni chache.

Na kama ulikuwa tayari ndani ya Dhuha na istiwaa ikakukuta? Kinachoangaliwa kwa Mashafii ni pale ulipohirimia. Fanya wepesi, maliza.

Hatua ya 3: Iweke Dhuha mahali pake

Dhuha huanza jua likishapanda kiasi cha mkuki, ambako wengi hukadiria dakika 15 hadi 20 baada ya kuchomoza. Katika mfano wetu, ukianza saa 12:42 asubuhi umeshaingia kwenye usalama. Mwisho wake ni karaha ya istiwaa.

Ubora wake uko pale jua linapokuwa kali. Zayd bin Arqam (r.a.) aliwaona watu wakiswali Dhuha mapema, akawaambia kwamba swala ya wale wanaorejea sana kwa Mwenyezi Mungu ni pale vitoto vya ngamia vinapounguzwa na joto la mchanga. Wanazuoni wamekadiria wakati huo kuwa ni baada ya robo ya mchana kupita. Mchana wa saa 12 na dakika 12 robo yake ni saa 3 na dakika 3, kwa hiyo ni kuanzia saa 3:25 asubuhi. Lakini nakushauri kwa dhati: kama kazi zako zinakumeza kuanzia saa 2, swali rakaa mbili kabla ya kutoka nyumbani. Dhuha ya mapema iliyoswaliwa ina thamani kuliko ya wakati bora iliyobaki kwenye nia.

Rakaa zake ni mbili kwa uchache. Abu Hurayra (r.a.) alisema kipenzi chake (s.a.w.) alimuusia mambo matatu, na mojawapo ni rakaa mbili za Dhuha. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia rakaa nne na zaidi, na Bibi Umm Hani (r.a.) akasimulia rakaa nane siku ya kutekwa Makka, mwaka wa 8 Hijria. Toa salamu kila baada ya rakaa mbili.

Hatua ya 4: Pokea saa ya baada ya jua kupinduka

Hiki ndicho kipande kinachostahili kupiganiwa. Abdallah bin as-Saib (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiswali rakaa nne baada ya jua kupinduka, kabla ya Adhuhuri, akasema kwamba hiyo ni saa ambayo milango ya mbingu inafunguliwa, naye anapenda amali yake njema ipande katika saa hiyo. Tafakari maana yake kwa mtu aliyechoka mchana: ile saa inayoonekana kavu kuliko zote, yeye (s.a.w.) aliipa miadi.

Fanya hivi. Tia udhu ndani ya zile dakika za kusubiri, ili wakati ukifunguka uwe tayari. Adhana ikilia, ijibu, uombe dua yake. Kisha swali rakaa mbili, utoe salamu, na nyingine mbili ukiweza. Bibi Aisha (r.a.) amesema Mtume (s.a.w.) hakuwa akiacha rakaa nne kabla ya Adhuhuri, na Ibn Umar (r.a.) amehifadhi rakaa mbili. Mashafii wamezikusanya riwaya hizo wakasema mbili ni za mkazo na mbili za ziada. Wahanafi wanaziswali nne kwa salamu moja, zote za mkazo.

Ukiingia msikitini baada ya adhana, rakaa mbili za qabliya (suna ya kabla ya faradhi) zinakutosheleza na kwa maamkizi ya msikiti. Ikikimiwa swala ukiwa katikati, maliza kwa wepesi ikiwa huogopi kukosa jamaa. Ukiogopa, ikate ujiunge. Kuanzisha suna baada ya ikama kumekatazwa.

Anayeswali nyumbani hana haja ya kusubiri ikama ya msikitini. Wakati ukishaingia, aswali qabliya, faradhi, kisha baadiya (suna ya baada ya faradhi), zote kwa mfululizo wake.

Siku za joto kali imesuniwa faradhi ya jamaa icheleweshwe mpaka makali ya jua yapungue, kwani Mtume (s.a.w.) amesema ukali wa joto unatokana na pumzi ya Jahannamu. Ukiwa kwenye msikiti unaofanya hivyo, nafasi yako ya qabliya imeongezeka tu.

Hatua ya 5: Baadiya

Wakati wake haufunguliwi na saa, unafunguliwa na faradhi yako mwenyewe. Ukishatoa salamu ya Adhuhuri na kuleta nyiradi zako, swali rakaa mbili. Ukitaka nne, kuna hadithi ya Bibi Umm Habiba (r.a.) kwamba mwenye kuhifadhi rakaa nne kabla ya Adhuhuri na nne baada yake, Mwenyezi Mungu atamharamishia Moto. Mlango wake unabaki wazi mpaka Alasiri iingie, yaani kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiacha kile kivuli kilichokuwepo wakati wa istiwaa. Kwa Imam Abu Hanifa ni mpaka kifike mara mbili.

Siku ya Ijumaa

Mashafii wameitoa Ijumaa kwenye karaha ya istiwaa. Aliyefika mapema na kuswali suna zake hana haja ya kukatisha kwa sababu ya jua, na wanazuoni wengine wametegemea hadithi ya Salman (r.a.) inayomsifu aliyeoga, akaenda, akaswali alichoandikiwa, kisha akanyamaza imamu alipozungumza: mwisho wa suna zake umefungwa na khutba, haukufungwa na jua. Wahanafi na Mahanbali kwa kauli yao mashuhuri hawaitofautishi siku hiyo. Imamu akishapanda mimbari, hakuna suna isipokuwa rakaa mbili nyepesi za maamkizi kwa anayeingia wakati huo, kama alivyoamrishwa Sulayk al-Ghatafani (r.a.). Baada ya Ijumaa kuna rakaa nne, au mbili ukiziswalia nyumbani, zote zimepokewa.

Ukiwa kazini au safarini

Mwenye mapumziko ya nusu saa anaweza. Rakaa mbili kwa kisomo cha wastani huchukua dakika tatu au nne. Qabliya mbili, faradhi na baadiya mbili zinaenea ndani ya dakika 15 hadi 20 ikiwa udhu ulitangulia. Kama mapumziko yako yanaanza kabla ya jua kupinduka, kula kwanza, uswali mwishoni. Yakianza baada yake, swali kwanza. Ukibanwa mno, zile mbili za qabliya na mbili za baadiya ndizo za kushikilia. Za ziada ziache kwa siku za nafasi.

Msafiri anayepunguza swala amepewa wepesi, na Ibn Umar (r.a.) mwenyewe hakuwa akiswali suna za faradhi safarini. Mashafii wanaona zinafaa kwa anayetaka. Ukikusanya Adhuhuri na Alasiri katika wakati wa Adhuhuri, usiingize suna katikati ya faradhi mbili.

Zikikupita

Qabliya ukiikosa kwa sababu ulikuta jamaa imeshaanza, iswali baada ya faradhi. Wakati wake bado upo, kwani unaendelea mpaka mwisho wa Adhuhuri. Imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipokosa nne za kabla aliziswali baadaye.

Baadiya nayo ina kisa chake. Bibi Umm Salama (r.a.) alimwona Mtume (s.a.w.) akiswali rakaa mbili baada ya Alasiri, ilhali alimsikia akikataza swala wakati huo. Akamtuma kijakazi amsimamie pembeni na kumuuliza. Alipomaliza akaeleza kwamba watu wa kabila la Abd al-Qays walimjia wakamshughulisha na rakaa mbili za baada ya Adhuhuri, na ndizo hizo. Mashafii wamechukua hapo kwamba suna iliyompita mtu ina sababu, kwa hiyo inakidhiwa hata baada ya Alasiri. Kuendelea nazo kila siku baada ya hapo kumehesabiwa kuwa ni jambo lake yeye (s.a.w.) peke yake, wewe ukishakidhi ile iliyokupita, kesho irudishe mahali pake, baada tu ya faradhi ya Adhuhuri.